Injini ya 389

Kanuni ya General Motors ya Marekani ilikuwa wazi: gari la ukubwa wa kati lisifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Mwaka 1963, wahandisi wa Pontiac, tawi la kampuni hiyo, chini ya John DeLorean waliipachika injini ya 389, ya gari kubwa, kwenye Tempest, gari la ukubwa wa kati. Ikakaa bila shida. Modeli mpya ingehitaji kibali cha makao makuu, basi Tempest yenye injini hiyo wakaiita GTO na kuiuza injini kama nyongeza anayolipia mteja. Idara ya mauzo ilisita hata kwa magari 5,000. Yakauzwa zaidi ya 32,000. Kanuni za usalama ziheshimiwe, tena zikazwe. Lakini injini wachague wanaoshika spana. Haukupita muda, kampuni ikapandisha kikomo hadi 400.