Kahe, Njia Panda ya Reli: Hotuba kwa Washarika na Wageni wa Dayosisi



Nimepewa nafasi ya kueleza habari za mji mdogo ambao wengi wetu tumeupita bila kushuka. Kahe iko tambarare, kusini-mashariki mwa Moshi, mwendo wa kilomita 20 hivi. Msafiri aliyeitazama dirishani aliona stesheni, tuta la reli, mashamba ya mfereji na joto lisilo na huruma. Hakuona kwamba hapo ndipo njia ya Tanga na njia ya Mombasa zilipokutana.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule ambao wamisionari wa Leipzig walifika Machame. Injili ilitangulia kufika mlimani kwa miaka mingi! Kampuni iliyoanza kazi ile iliishiwa fedha, serikali ikaichukua. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Yaani miaka 18 kwa kilomita zipatazo 350, wakati Waingereza walitandika reli yao kutoka Mombasa hadi ziwani kwa miaka isiyozidi sita. Wakahe na majirani zao, ambao walikuwa wakilima kwa maji ya mito inayoteremka kutoka mlimani tangu zamani, hawakuulizwa kama waliitaka.

Kilichoifanya Kahe kuwa njia panda ni vita. Mwaka 1915 jeshi la Waingereza lilianza kutandika reli kutoka Voi kuelekea Taveta, si kwa biashara, bali kwa kupeleka maji, chakula na risasi. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kuelekea Kahe, na mapigano makali yakatokea hapo hadi tarehe 21. Usiku ule Wajerumani walirudi nyuma wakiifuata reli, wakauacha umevunjwa mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg. Mwaka huo huo reli ya Voi iliunganishwa Kahe.

Hapa naomba tusiharakishe. Vitabu vya vita vinataja majenerali, vikosi na hata mzinga ule. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na majina yao hayakuandikwa. Kwa maoni yangu, mji wenye historia ya namna hii hauwezi kujivunia reli yake bila kuinamisha kichwa kwanza.

Baada ya vita, njia ya askari ikawa njia ya kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, kilichozaa KNCU mwaka 1933, na kahawa nyingi iliyoshuka Moshi ilipinda Kahe kwenda Mombasa. Tanga ililalamika, na ilikuwa na haki kulalamika. Mwaka 1929 reli ilifika Arusha. Mwaka 1963, mwaka ambao makanisa yetu yaliungana kuwa KKKT, njia ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kati ya Mnyusi na Ruvu. Mji mdogo ukawa na milango mitatu: Mombasa, Tanga na Dar es Salaam.

Tabia ya mji wa namna hiyo inajulikana. Watu wake ni wa makabila mengi, kwa maana mfanyakazi wa reli huhamishwa. Kiswahili hutawala nyumbani. Saa ya mji ni treni. Tena ni mji unaoishi kwa maamuzi ya wengine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka ukafungwa, na mlango wa Taveta ukafungwa nao. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983, lakini biashara ilikuwa imekwisha kuzoea barabara. Katika miaka ya 1990 treni za abiria zilikoma, mizigo ikafuata, na majani yakafunika mataruma.

Treni ya mizigo ilifika tena Moshi Julai 2019, abiria kutoka Dar es Salaam wakafuata Desemba, na Arusha ikafikiwa mwaka 2020. Tulishukuru. Lakini katika miaka ile ya kimya, kizazi kizima kilikua bila kusikia mlio wa treni, nao waliojua kazi ya reli wamezeeka. Mafundi wa njia, wapiga kengele, wapishi wa magenge, akina mama waliouza ndizi dirishani: hao hawamo katika kitabu chochote nilichokisoma.

Kwa hiyo, ndugu zangu, yupo mzee wa kanisa ameketi karibu na mlango wa vestiari akiwa na daftari. Yeyote ambaye baba yake, babu yake au bibi yake alifanya kazi kwenye njia hii, iwe Kahe au stesheni nyingine, ampe jina, kazi na mwaka, kwa kadiri anavyokumbuka. Daftari litabaki wazi hadi ibada ya jioni.