Miti, Miiko na Hesabu za Chama

(Hotuba ya mkaguzi wa ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme juu ya upandaji wa miti katika viwanja vya vyama na majumbani mwetu. Naomba nianze na jambo ambalo mikutanoni husemwa kwa kunong'onezana, nalo ni ile miti ambayo twaambiwa tusiiweke karibu na nyumba.

Huku pwani tumelelewa na maneno hayo. Mbuyu ni makao ya mashetani. Mkwaju una pepo, na alalaye chini yake huamka mgonjwa. Sitawacheka wazee waliotufundisha, kwani mara nyingi mwiko ni onyo lililovikwa vazi la kutisha ili mtoto alishike. Utazameni mnyaa. Utomvu wake ukiingia jichoni huleta madhara makubwa, hata upofu. Mzazi aliyemtisha mwanawe kwa shetani wa mnyaa alimwokolea macho yake. Mbuyu mkongwe nao huwa na uvungu shinani, ambamo nyuki na nyoka huweza kukaa. Maua yake hufunguka jioni, na popo huja usiku kunywa utamu wake na kuyachavusha. Mpita njia asikiaye mbawa gizani asione kitu, atasema nini?

Lakini mwiko usioulizwa sababu huweza kugeuka pazia la kufichia uzembe. Hili nalisema kwa aibu, maana nami nilishiriki.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii, nilikagua chama kimoja cha wakulima wa korosho. Ghala lake lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mbuyu. Msimu ule, magunia yaliyopokelewa yakiwa na kilo 80 yalikutwa yamepungua yalipopimwa tena kabla ya kusafirishwa. Ikasemwa kwamba shetani wa mbuyu amekasirishwa na mlinzi, mzee aliyekuwa akipika chini ya mti ule usiku. Mzee akaachishwa kazi, na fedha za chama zikatolewa kwa ajili ya kafara. Hati ya malipo niliiona kwa macho yangu: iliandikwa "matengenezo ya ghala". Nilijua kuwa si kweli. Nikachelea kuonekana kijana adharauye mila za watu, nikatia saini.

Msimu uliofuata upungufu ulirudi, na mzee hayupo. Ndipo nikafanya lililonipasa tangu mwanzo: nikafungua magunia na kuuliza korosho zilivyopokelewa. Zilikuwa hazikuanikwa vya kutosha. Hesabu yake ni nyepesi. Gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 14, likikauka hadi kufikia asilimia 9, hubaki na kilo 75 na nusu hivi. Kwa magunia 100, ni karibu kilo 440 zilizokwenda hewani bila kuibwa na mtu wala jini.

Nilimtafuta mzee yule ili nimtake radhi. Nikaambiwa amekwisha rudi kwao, na kwamba habari za shetani zilikuwa zimemtangulia huko. Sikupata kumwona tena.

Ndugu wanachama, miiko mingine hulinda milki. Katika miaka ya 1980, mpango wa kuni ulioendeshwa Kakamega, magharibi ya Kenya, uliwakuta akina mama ndio watafutao kuni, lakini hawapandi miti. Iliaminika kwamba mwanamke akipanda mti atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Ukichimba chini ya imani hiyo utaikuta ardhi: kupanda mti kulikuwa alama ya kumiliki shamba, na shamba lilikuwa la mwanamume. Nasi huku pwani tusijione wageni wa jambo hili. Mwenye shamba akikuazima mahali pa kulima muhogo, hukuonya usipande mnazi wala mkorosho, kwa sababu mti wa kudumu ni shahidi wa mwenye milki.

Basi nawaomba makatibu mambo matatu. Kwanza, uzito ukipungua, tazameni mizani, anikeni korosho, na andikeni daftarini kabla ya kumtaja mtu. Pili, msilipe kafara kwa fedha za wanachama, tena kwa jina la uongo. Tatu, miche ikigawiwa, akina mama wapewe kwa majina yao, na katika mashamba ya kuazima iandikwe kwenye muhtasari mti ni wa nani.

Ama kuhusu nyumba, miti itakayokuwa mikubwa na ikae mbali na kuta, si kwa hofu ya pepo bali kwa ajili ya matawi na mizizi. Na yeyote asemaye kwamba imani haibadiliki, autazame mwarobaini. Ulitoka Asia, nasi tukaupa jina la kutibu maradhi arobaini, tukaupanda hadi mlangoni.

Mbuyu ule bado umesimama. Kila nipitapo hapo huutazama, nikakumbuka kwamba aliyemfukuza mzee hakuwa shetani. Tulikuwa sisi, kwa kura na saini zetu.