Sili ya Habu Isivuje Kwenye Breki

Msikilizaji, leo tunaongea na mafundi na madereva wa matrela, hasa mnaoshuka Mlima Kitonga na mzigo. Sili ya habu ikivuja, grisi huingia kwenye lainingi za breki, na lainingi yenye grisi haishiki.

Sili iliyotolewa usiirudishe, hata ikionekana nzima. Pangusa ekseli pale mdomo wa sili unapokaa, kisha pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja. Hapo mgonjwa ni ekseli. Kutu nyepesi itatoka kwa msasa laini.

Wakati wa kufunga, beringi ya ndani, iliyoshindiliwa grisi, ndiyo inayotangulia kuingia kwenye habu, kabla ya sili. Wapo wanaoisahau, wakalazimika kung'oa sili waliyoifunga sasa hivi! Upande wa sili wenye springi nyembamba uelekee ndani, kwenye grisi. Weka kipande cha mbao bapa juu ya sili, gonga taratibu ukizunguka, mpaka ikae sawa kila upande, kwa kina kilekile cha ile ya zamani. Nyundo moja kwa moja kwenye chuma chake, hapana. Sili iliyopinda ni ya kutupa.

Paka mdomo wa sili mpya grisi kidogo, kisha ingiza habu ikiwa imenyooka. Habu ya trela ni nzito, tafuta msaidizi. Ikilala upande, mdomo hukunjika bila wewe kuona. Nati ya beringi nayo irekebishwe vizuri, maana habu inayocheza huila sili hata mpya.

Na lainingi iliyokwisha kulowa grisi? Usiioshe kwa petroli ukairudisha. Badilisha lainingi za pande zote mbili za ekseli hiyo.