Simu Mkononi, Mwenyewe Hapatikani



Usiku mmoja mwezi uliopita shangazi yangu alizidiwa na shinikizo la damu. Binti yake akanipigia mara tano. Mara mbili aliambiwa simu inatumika, mara tatu haipatikani. Nami nilikuwa nayo mkononi, hapa hapa Dar es Salaam, tena imewaka! Jirani ndiye aliyemkimbiza shangazi hospitali kwa bajaji. Tunashukuru amepata nafuu. Lakini binti yake aliniuliza: "Kaka, simu hiyo unaibeba ya nini?" Sikuwa na jibu.

Nimejichunguza, nikaona makosa mawili.

La kwanza, nilikuwa nikibishana na rafiki habari za Simba na Yanga, na huduma ya kusubirisha simu sikuwa nimeiwasha. Huduma hiyo hukuletea mlio ukiwa katikati ya maongezi, ukamsimamisha wa kwanza na kumpokea wa pili. Kwenye mitandao mingi huwashwa kwa kubonyeza nyota, 43, reli, kisha kupiga.

La pili, baadaye niliingia chumba cha ndani, ghorofa ya chini, zege kila upande. Simu ni redio ndogo: hupokea mawimbi ya mnara na kuyajibu. Zege lenye nondo na kuta za mabati huyadhoofisha. Basi sogea dirishani, toka uani, au panda juu. Usiizibe simu kwa kiganja, wala usiivike kasha la chuma. Ikikwama, izime na kuiwasha ili itafute mnara upya. Na kumbuka kuichaji, kwani penye mtandao hafifu simu hutumia nguvu nyingi kuufikia mnara, betri ikaisha upesi.

Unaweza pia kuagiza simu zako ziende kwa mwenzio wa nyumbani pale usipopatikana. Ila tahadhari! Mtu usiyemjua akikuambia ubonyeze nyota, 21, nyota, kisha namba yake, kataa. Anataka simu zako zote ziende kwake. Kama umekwisha kunaswa, bonyeza reli mara mbili, 002, reli, kisha piga; maelekezo yote yatafutika.

Na penye hatari, namba ya dharura 112 hupigwa hata bila salio, hata mtandao wako ukiwa haushiki, mradi pawe na mtandao mwingine unaofika hapo.

Ndugu zangu, tunanunua simu za bei kubwa kwa ajili ya picha na video, tukasahau kazi yake ya kwanza: anayeita aitikiwe. Leo kabla ya kulala, mwombe mtu akupigie ukiwa unaongea na mwingine, kisha akupigie tena ukiwa kitandani. Usipopatikana, heri ulijue leo kuliko usiku wa msiba.