Kabla Hujaipeleka Deki kwa Fundi

Leo ni zamu ya deki ya DVD.

Picha imetoka nyeusi na nyeupe, tena inapanda na kushuka? Mara nyingi deki ni nzima. Inatoa picha kwa mfumo wa NTSC wa Marekani, wenye mistari 480, ilhali runinga yako inasubiri PAL ya huku kwetu, mistari 576. Chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio, chagua PAL.

Rangi zikichuja, chungulia nyuma. Ule waya wa njano hubeba picha yote peke yake, rangi na mwanga vikiwa vimechanganyika. Matundu matatu ya nyekundu, kijani na buluu hutoa picha safi zaidi, na kwa runinga bapa, HDMI ndiyo yenyewe.

Picha inagandaganda? Futa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni. Usizungushe mkono. Na diski uliyoletewa kutoka Uingereza ikikataa kabisa, tatizo huenda ni namba ya kanda: kule ni 2, Tanzania na Kenya ni 5.

Ukiamua kununua deki nyingine, muuzaji atakusifia ile inayokuza picha hadi mistari 1080. Sawa, lakini haiwezi kuongeza kisichokuwemo kwenye diski. Zile diski za filamu 20 kwa mpigo zimebanwa mno. Hata deki ya bei mbaya haitaziokoa.

Ukienda dukani, beba diski yako unayoijua vizuri, ichezwe mbele yako kabla hujalipa.