Kumlisha Maneno Marehemu: Kauli Zinazonasibishwa na Jules Verne



Jules Verne, Mfaransa anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa riwaya ya kisayansi, alizaliwa Nantes mwaka 1828 na kufariki Amiens mwaka 1905. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, ya mwaka 1863, inawarusha Waingereza watatu kwa baluni kutoka Zanzibar hadi mto Senegal. Zanzibar hiyo hakuwahi kuiona. Aliisoma katika maandishi ya wasafiri. Kwa hiyo si mgeni kabisa katika taaluma yetu.

Leo ninakusudia kuchunguza kauli mbili anazonasibishwa nazo. Ya kwanza hudai kwamba lolote awezalo mtu mmoja kuliwaza, wengine wataweza kulitenda. Hunukuliwa mara nyingi bila kutajiwa ukurasa wala mwaka. Ya pili ni kiapo: kwamba alipokuwa na umri wa miaka 11 alitoroka kwa meli, akakamatwa na baba yake, akaahidi kuwa tangu siku hiyo angesafiri ndotoni tu. Kisa hiki kilienezwa na wasifu ulioandikwa na jamaa yake, Marguerite Allotte de la Fuÿe, mwaka 1928, miaka 23 baada ya kifo chake.

Maisha yake yanakikanusha kiapo hicho. Verne alimiliki vyombo vitatu vya baharini, na mwaka 1867 alivuka Atlantiki hadi Marekani kwa meli Great Eastern. Kauli ya kwanza nayo haipatani na msimamo wake. Alipolinganishwa na H. G. Wells katika mahojiano ya mwaka 1903, alijitenga naye: yeye aliwapeleka watu mwezini kwa kombora la mzinga, kwa kufuata fizikia, Wells alibuni madini yanayobatilisha uvutano. Na yaletwe madini hayo, alisema, tuyaone. Huyu ni mtu aliyeiwekea ndoto mipaka.

Hoja yangu ni hii. Methali haina mwenyewe. Tukisema “wahenga walinena,” hakuna anayetudai ushahidi. Kauli ya mwandishi ina mwenyewe. Tukiifanya methali, huzidi kung’aa, lakini mwenyewe hupotea, na mahali pake hukaa mtu tuliyemtaka sisi. Mwanafunzi anayeinakili kauli ile hujifunza Verne aliye kinyume cha Verne.

Nasi tatizo hili tunalijua nyumbani. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, yalikusanywa baada yake, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Kila mhariri hana budi kuuliza: lipi ni lake, na lipi amebebeshwa? Haki tunayomdaia Muyaka ndiyo tunayowiwa na mgeni. Kabla ya kuifasiri kauli kwa Kiswahili, basi, tuulize kwanza: aliisema wapi, na ni nani aliyemsikia?