Meli ya Angani na Wapagazi wa Nyanda za Juu



Wanafunzi wa Mbeya na Iringa hufundishwa kwamba vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vya Wazungu. Ni kweli, lakini nani aliyebeba mizigo yao?

Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani ya Kijerumani, L 59, iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiongozwa na Ludwig Bockholt. Urefu wake ulizidi mita 226. Ilichukua tani zipatazo 15 za risasi, bunduki na dawa kwa majeshi ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Haikukusudiwa kurudi, kwani huku hapakuwa na gesi ya kuijaza. Kitambaa chake kingeshonwa mahema. Ilipofika Sudan iliamriwa kwa redio igeuke. Ikatua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilometa zipatazo 6,800. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akawanyang'anya Wareno silaha pale Ngomano. (Katika Vita Kuu ya Pili ndoto ya masafa marefu iliwarudia Wajerumani: ndege ya Messerschmitt Me 264, iliyokusudiwa kuishambulia Marekani, iliruka Desemba 1942, New York haikuguswa.)

Basi na ipimwe shehena hiyo iliyoandikiwa vitabu. Kwa mzigo wa kilo 25, tani 15 ni vichwa 600 tu vya wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa katika vita hivyo wanakisiwa kufikia 95,000 au zaidi, wengi kwa maradhi na njaa.

Nyanda za Juu zilikanyagwa mara kwa mara. Malangali ilipiganiwa Julai 1916. Waingereza wakaitwaa Iringa mwezi wa Agosti. Oktoba Jenerali Wahle akatokea Tabora na kushambulia Ngominyi, na Novemba Lupembe. Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck akarudi kupitia Songea na Ubena, akamwacha Wahle huko akiwa mgonjwa. Kila jeshi lilikula ghala la mkulima, na baada yake ikaja homa ya mafua.

Safari ya L 59 inajulikana saa kwa saa. Wapagazi wengi hawajulikani hata kwa majina. Walioshuhudia wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao wapo Lupembe na Malangali, na mwalimu wa historia hahitaji mtaala mpya ili awatume wanafunzi wake wakawaulize babu zao walichukuliwa wapi, na nani hakurudi.